Dakika Mbili Sokoni Ndalu

Jaribio la kwanza Phelista Nakhungu alilifanyia chuoni Kitale, ndani ya chumba. Watu walijaza fomu, na nyuma ya ukuta Kipkosgei, mwigizaji kutoka Kachibora, akalia kama mtu anayepigwa. Aliyeketi peke yake aliinuka mbio kwenda kumwokoa. Walioketi sita walitazamana tu, kila mmoja akimngoja mwenziwe.

"Chumbani watu wanajua wanachunguzwa," mhadhiri wake akamwambia. "Sasa nenda mahali hawajui. Lakini usiingilie kabla ya dakika mbili, utaharibu matokeo."

Basi siku ya soko wakaenda Ndalu. Kipkosgei angempokonya mkoba Emmy, mwanafunzi mwenzake Phelista, kisha akimbie. Phelista, amesimama kando ya magunia ya viazi, angeandika ni wangapi watakaosaidia na wangapi watakaotazama.

Kipkosgei akapokonya. Emmy akapiga yowe. Phelista akabonyeza simu, sekunde zikaanza kwenda.

"Mwizi! Shika yeye!" mtu akapaza sauti sokoni.

Jiwe la kwanza lilimpata Kipkosgei shingoni. La pili likampasua mdomo. Mtu akamkwatua miguu, akaanguka matopeni, na marungu yakaanza kushuka. Phelista akaandika idadi ya waliojitokeza: kumi na wanane. Akafuta, akaandika ishirini na sita. Kipkosgei alimwita kwa jina mara mbili. Sekunde ya hamsini mfupa ulivunjika, Phelista akausikia mlio wake kupita kelele zote, na bado kalamu ilikuwa ikienda. Alijiambia mtu fulani atawazuia. Lazima yuko mtu.

Ndipo akaona tairi kuukuu likiviringishwa, na nyuma yake mwanamume mwenye mtungi wa petroli.

Akatupa daftari, akajipenyeza kwa viwiko. "Si mwizi! Mimi ndiye nilimtuma! Ni utafiti!"

"Utafiti gani? Kumbe ni genge!" mtu akanguruma. "Pigeni na huyu!"

Rungu likamvunja mkono. Akamwangukia Kipkosgei, akamfunika kwa mwili wake, mateke yakimchimba mbavu. Petroli ilimrukia mgongoni, baridi, mvuke wake ukimwasha machoni.

Emmy ndiye aliyewaokoa. Aliuokota mkoba matopeni, akapanda juu ya magunia na kuumwaga wote. Magazeti yakatawanyika.

"Si mimi ndiye niliibiwa? Angalieni, ni magazeti tu! Tulikuwa tunaigiza, jameni! Mtaua mtu bure?"

Marungu yakasita. Mwenye petroli aliyatazama magazeti, akamtazama Kipkosgei, kisha akaondoka upesi bila kugeuka. Wengine wakamfuata mmoja mmoja.

Hospitalini Lugulu madaktari walimwokoa Kipkosgei, ila jicho la kushoto lilikuwa limekwenda.

"Ulingoja?" Kipkosgei akamuuliza Phelista kupitia meno yaliyobaki.

"Sekunde sabini na moja."

Kipkosgei akaugeuza uso ukutani.

Phelista aliandika barua chuoni kueleza yote na kuufunga utafiti. Kisha, mkono ukiwa kwenye plasta, akaenda Kachibora kwa mama yake Kipkosgei, Jerono, ambaye alikuwa ameambiwa tu kwamba mwanawe alifananishwa na mwizi.

"Na wewe ulikuwa wapi wakimpiga?" Jerono akauliza.

"Nilikuwa hapo, mama. Nilikuwa naandika."

Jerono alimzaba kofi lililomyumbisha hadi mlangoni. Akasimama akihema, kisha akavuta kiti.

"Kaa hapo. Baba yake anatoka shamba sasa hivi. Utamwambia wewe mwenyewe, hivyo hivyo."

Phelista akaketi.