Mgongo wa Irungu

Saa nne asubuhi, Kabura alikuwa akiosha vikombe nje ya nyumba yake ya Kiplombe, wakati marehemu mumewe, Irungu, alipopanda kutoka kisimani akiwa na chumvi kwenye nyusi. Ilikuwa mara ya tatu wiki hiyo. Alimpangusa kwa ncha ya leso, akammiminia chai.

"Chumvi imeongezeka?"

"Imefika magotini, Mama Ciru."

Kisima alikichimba Irungu mwenyewe. Sasa sukuma wiki ilikuwa ikiungua kingo, na kila Kabura alipomwagilia, udongo ulikauka ukiwa mweupe. Miezi miwili mizima alijilaumu kwamba mkono wake umekuwa mzito wa chumvi jikoni. Akapunguza chumvi kwenye githeri, mahindi yake na maharagwe, hatimaye akaacha kutia kabisa. Githeri bado ilikolea.

Jerop, mtafiti kutoka chuo kikuu, alifika na chupa zake za kupimia maji, akamsalimu Mzee Irungu, akafungua daftari. Irungu, ambaye hata alipokuwa hai hakujua kukaa bure, alimweleza bila haraka. Maji ya mbolea, yenye chumvi, yaliyomwagwa na kampuni ya maua huko juu yaliteremka chini kwa chini na kuingilia ufa mmoja wa kisima. Alikuwa ameyafuata kwa mikono hadi chini ya mahema yao ya plastiki ya kuoteshea maua. Vipimo vya Jerop vilikubaliana naye.

Walipeleka ripoti kwenye ofisi ya mazingira mjini. Karani alikuwa mtu mpole, hata alimtafutia Irungu kiti. Lakini vipimo pekee havikuonyesha maji yalipitia wapi, na shahidi lazima awe na kitambulisho. Cha Irungu kilirudishwa kwa chifu siku ya kuandikisha kifo.

"Pole, Mzee. Kompyuta inakataa."

Nyumbani Kabura alilia, kwa hasira kuliko huzuni. Bila kisima hakuna shamba, na hakuwa na riziki nyingine. Hata hivyo alimsihi mumewe abaki juu, aote moto.

"Nani ataziba? Nikiweka mgongo kwa huo ufa, utapata hata ndoo mbili za maji mazuri kila siku."

"Na wewe je, Baba Ciru?"

"Mimi nilishakufa. Mgongo hauniumi."

Kabura alimvalisha sweta nzito, akamfunga vifungo vyote huku akimgombeza kwamba hajui kujitunza. Alimpenda mno mtu huyu. Irungu akashuka.

Baadaye Kabura alivuta ndoo, akaonja maji. Yalikuwa matamu. Akainama kisimani, akamwambia asante. Huko juu, pampu za kampuni ya maua zilianza kazi ya alasiri.