Kopo la Verna Ndani ya Joho

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe nne Machi, siku ambayo wakubwa wa chuo walinitoa stoo kwangu nikapige deki ngazi, eti wageni wanakuja. Wageni wenyewe walipanda lifti.

Mke wangu Verna nilikuwa namweka mle stoo, kwenye rafu, kando ya sabuni. Alipofariki tulimchoma, kama alivyotaka, na majivu nikayatia katika kopo la shaba alilozoea kuwekea kahawa. Nyumbani angeshinda peke yake, na upweke hakuupenda kamwe.

Niliporudi, rafu tupu.

Nikakimbilia maabara ya Profesa Lindqvist, maana wao ndio huazima vitu vyangu bila kuomba. Kazi yake ni kutengeneza joho la kuficha vitu: vibao vyembamba vilivyochorwa vijipete vya shaba, vimeviringishwa kimoja ndani ya kingine. Ukiweka kitu katikati, mawimbi ya rada yanakizunguka na kuendelea na safari, kama watu wanavyomkwepa mlevi aliyelala njiani. Macho yanakiona vizuri tu. Kifaa cha rada ndicho hakikioni. Lakini pale maabara nani anatumia macho?

"Profesa, kopo langu liko wapi?"

"Ah, Mzee Delbert! Kopo letu la kuficha ndani ya joho lilibonyea, tukaazima lako. Saizi ileile! Wageni wamepiga makofi hadi basi."

"Liko wapi?"

"Ndani ya joho. Na joho limeondoka na lori, linakwenda maonyesho Denver." Akakuna kichwa. "Ila kabla ya kufunga sanduku tulipima kama ndani kumebaki kitu. Ndio utaratibu. Kulikuwa kutupu."

"Mlipima na nini?"

"Na kifaa ki..." Uso ukamwiva.

"Yumo mke wangu mle, wewe!"

"Mungu wangu. Pole, mzee." Kisha, hata aibu hana: "Lakini fikiria. Kama yumo, joho linafanya kazi. Kama hayumo, kifaa kinafanya kazi. Vyovyote, matokeo ni mazuri!"

Nikapanda kwa mkuu wa kitivo, Bi. Prentiss, aamuru lakiri ya lile sanduku ivunjwe.

"Bwana Stokes, siwezi kuidhinisha watu watafute kitu ambacho vipimo vinaonyesha hakipo."

"Hata hospitali walisema vipimo vinaonyesha Verna hana kitu," nikamwambia. "Ndiyo maana yumo kwenye kopo."

Akaniambia nifunge mlango nikitoka.

Leo maonyesho yamekwisha. Joho halirudi, linapelekwa kusagwa, maana Profesa ameshabuni jingine. Nimepiga simu Denver mwenyewe, akapokea mama mmoja mwenye sauti ya kutafuna. Nikamwomba aangalie kama kopo limo ndani ya joho. Akaenda, akarudi.

"Tumepima, baba. Hamna kitu."

"Mmefungua kifuniko cha sanduku?"

"Nakwambia tumepima. Mara mbili."

"Sikiliza, mama. Achana na kupima. Kuna mtu yeyote huko, hata mfagiaji, aliyechungulia mle ndani kwa macho yake?"