Taa Nyekundu Tisini na Nane

Mjinga wa siku ile nilikuwa mimi, na nalisema mwenyewe kabla wenzangu hawajaniwahi.

Nilikuwa nimeitwa Mheshimiwa Doyle Prater kwa miezi miwili tu, na tayari kichwa kilikuwa kimevimba hata kofia hainienei. Baada ya miaka ishirini ya kuendesha buldoza, niliona Baraza la Wawakilishi la jimbo letu haliwezi kunishinda. Walipotuita semina ya wabunge wapya, nilikwenda kuvua kambare.

Muswada wangu wa kwanza ulikuwa wa sentensi tatu: jimbo lijenge upya daraja la Kijito cha Laurel. Lilikuwa limefungwa mwaka mzima, na Bi Verna Skaggs, anayeendesha gari letu la wagonjwa kwa kujitolea, alikuwa akizunguka mlima maili kumi na saba. Ilikuwa siku ya mwisho ya kupeleka miswada Seneti. Usiopita kufikia saa kumi na mbili jioni, mpaka mwakani. Bi Verna alikuja mwenyewe, akaketi roshani ya wageni.

Katibu akausoma mbiombio kama dalali wa ng'ombe. Humo ndani, asiyesinzia anatafuna karanga, na asiyetafuna anambonyezea kitufe cha kura jirani aliyekwenda chooni. Lakini niliposhika kipaza sauti, waliamka wote.

"Mheshimiwa," akauliza Odell Gantt, mzee wa kiti cha jirani yangu, "hilo daraja lina upande mmoja au pande mbili?"

"Mbili!"

"Na samaki wameulizwa maoni?"

Kicheko. Spika akafungua kura. Ubao wa ukutani ukawaka nyekundu tisini na nane. Kijani moja, yangu.

Damu ikanipanda. Kwa kanuni zetu, mwenye muswada anaweza kuuondoa kabla kura haijafungwa. Nikawaita nguruwe waliovaa tai, nikasema nauondoa.

"Una hakika, Mheshimiwa?" Spika akauliza polepole.

"Kabisa!"

Nyundo ikagonga. Hakucheka mtu.

Odell akanikokota hadi koridoni. "We bwana vipi? Ule ni utani wa muswada wa kwanza! Kila mgeni hufanyiwa. Tunawasha nyekundu, unatoka jasho, halafu wote tunageuza kijani. Semina walieleza!"

Nikakosa pa kuweka uso.

"Zimebaki dakika arobaini," akasema. "Rudi, omba radhi, uombe Baraza liukubali tena. Ila akikataa hata mmoja, umekwisha."

"Niwaombe radhi wao? Walionicheka mbele ya jimbo zima? Waanze wao!"

"Umewaita nguruwe, Doyle."

"Na sifuti!"

Bi Verna alikuwa ameshashuka ngazi, yuko mbele yetu, mkoba kwapani.

"Mwambie huyu, Bi Verna," nikasema. "Mtu na heshima yake, au sivyo?"

Akanitazama kuanzia viatu.

"Mwezi wa kwanza, binti wa akina Rowe alijifungulia kwenye gari langu kule mlimani, milango wazi, madereva wa malori wamejipanga wanatazama. Hakuuliza nani anacheka. Wewe angalau una suruali. Rudi ndani."