Mkwe Husimama Langoni

Taa ya presha ya tairi ilipowaka kwenye dashibodi, Mwalimu Mideva hakushangaa hata kidogo, maana ndiye aliyeiwasha. Asubuhi alikuwa amechutama kando ya tairi la nyuma, akafinya valvu kwa kijiti cha kiberiti, upepo ukatoka fyuuu, kisha akaendesha gari hadi soko la Lurambi na kurudi. Mwanamke aliyefundisha hisabati miaka thelathini na mmoja, mzee wa kanisa, akidanganya kwa kijiti cha kiberiti! Lakini hamu haina adabu. Alimpigia simu mkwe wake, akamwambia taa imewaka tena.

Mkwe huyo, Patroba, ni fundi wa magari mjini Kakamega. Alimwoa Beverlyne, binti pekee wa Mideva, na sasa ni mwaka mmoja na miezi miwili tangu Beverlyne azikwe kwa kina Patroba, kule Shinyalu. Mideva hana hata kaburi la kupalilia. Siku ya mazishi watu walimkumbatia mpaka mbavu zikamuuma, isipokuwa Patroba tu, kwa sababu kwao mama mkwe na mkwe hawapeani mkono, hawaketi pamoja, wala hawapandi gari moja. Hiyo ndiyo heshima, na heshima haina likizo hata msibani.

Basi akija, hufanya hivi. Mideva huingia jikoni, Patroba akajaza upepo. Akimaliza hurudi hadi langoni, ndipo Mideva hutoka na kuketi nyuma ya usukani, na somo likatolewa kwa kupaza sauti, majirani wote wakisikia. Ndivyo ilivyokuwa siku hiyo pia.

"Washa swichi, Mama, lakini usistati injini!"

"Nimewasha!"

"Kuna kitufe hapo chini ya usukani. Kifinye, ukishikilie mpaka taa ipepese mara tatu, ndio uachilie!"

Mideva alikijua kitufe hicho kuliko fundi mwenyewe. Alikifinya, taa ikapepesa mara moja, mara mbili, akaachilia.

"Imekataa!"

"Inasumbuanga hivyo. Finya tena, Mama, pole pole."

Hiyo "Mama" ndiyo aliyoifuata. Beverlyne aliivuta mwishoni, hivyo hivyo, na Patroba aliiokota kwa mkewe asiirudishe.

Taa ilipokataa mara ya nne, Patroba hakusema finya. Alikuwa amevua kofia.

"Mama, kuna neno. Wazee wa nyumbani wamenitafutia mtu. Ni wa Malava. Mwezi ujao tunaenda kwao kujitambulisha."

Mideva aliachilia kitufe. Alijua siku hiyo ingekuja. Mwanamume wa miaka thelathini na minne hawezi kujisongea ugali peke yake milele. Alimtakia mema, na kwa dakika nzima alimchukia. Kilichomuuma si bibi harusi. Patroba angekuwa mkwe wa watu wengine, na yeye Mideva angebaki na gari tu.

"Huko utakuwa mkwe," aliita. "Na hapa utakuwa nani?"

Patroba aliikunja kofia mikononi.

"Hiyo nimefikiria sana, Mama. Kama mimi si mkwe tena hapa, basi hakuna kitu inanizuia kukaribia. Naweza kuja kama mtoto wako, nikusalimie na mkono. Siku ya mazishi nilitaka kukushika, nikashindwa."

Akaanza kutembea. Mideva alimtazama akija juu ya nyasi, mikono yenye grisi ikiwa mbele, na mwili wake wote ukamtaka aje. Alitamani kuegemeza kichwa kwenye bega ambalo binti yake alililalia.

"Simama hapo!"

Akasimama.

"Rudi langoni, mwanangu. Ukinishika mkono, wewe si mkwe wangu. Na kama wewe si mkwe wangu, basi mimi sina binti aliyeolewa. Oa huyo wa Malava, nimekubariki. Lakini hapa njoo kama mume wa Beverlyne, usimame mbali."

Patroba alirudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagusa lango. Akalia huko huko, naye Mideva akalia ndani ya gari, na hakuna aliyemwendea mwenzake.