Mizizi Chini ya Kitanda

Chipukizi la mwanzi lilikuwa limepasua tena simenti ya sakafu, safari hii kando ya kitanda. Mama Honorine alilikata, akalimwagia tundu maji ya moto, kama alivyofanya kwa mengine yote tangu mvua zianze. Lakini leo alikuwa amechoka. Akashika panga, akaenda kwa jirani aliyepanda laana ile ukingoni mwa mto.

"Papa Augustin, leo naikata yote! Mizizi yako inanifukuza ndani ya nyumba yangu mwenyewe!"

Mzee hakubisha. "Bon, kata, mama. Lakini kuya kwanza uone huku nyuma."

Akamwita kwa mkono, akamtangulia. Nyuma ya mianzi hapakuwa tena na choo cha mzee wala jiko lake. Mto ulikuwa umevibeba vyote. Ardhi ilikatika wima, mizizi ikaning'inia hewani, bado imekumbatia udongo uliobaki. Kutoka hapo hadi ukuta wa Honorine, hapakuwa na kitu kingine cha kuzuia maji.

Alirudi na panga lake, hasira imemjaa na haina pa kwenda.

Chipukizi lilipotokeza tena palepale, hakuchemsha maji. Alisogeza kitanda.