Kidole cha Mwenye Chungu

Mwaka ule wa Vita vya Maji Maji, askari wa Mdachi walitukuta tukichoma vyungu. Walimtaka mama mkwe wangu, Sijaona, kwa kuwa Ruaruke nzima mfinyanzi alikuwa yeye tu.

"Kuna chungu kimeokotwa Kibiti," alisema askari. "Kilibeba ile dawa yenu ya maji. Kina alama ya kidole. Bwana mkubwa ana wino, anasoma vidole vya watu. Mwenye kidole kile ananyongwa leo."

Kijiji kizima kilijua kwamba kidole kwenye chungu si cha mfinyanzi, ni cha mwenye chungu. Mtu akiagiza, mama humwita udongo ungali mbichi, naye mwenyewe hubonyeza kidole gumba chake chini ya ukingo, asije akakana wala mwingine asije akakidai. Na chungu kile kilikuwa cha Sadala, mume wangu.

Mama hakunitazama. "Ngojeni nitoe kimoja, kisije kikapasuka," aliwaambia, akainama motoni. Nikasikia harufu ya nyama. Nilidhani ameteleza, nikamkimbilia; akanisukuma kwa kiwiko.

"Mimi si mtoto, Biasha. Twende."

Uwanjani wanaume walikuwa wamekalishwa chini, Sadala miongoni mwao. Nikajipenyeza hadi nyuma yake. Mzungu alikuwa mezani na kioo chake cha kukuzia, na kando yake akida aliyewekwa na Mdachi, mtu wa kuja, mjuaji wa kila kitu isipokuwa mambo yetu. Nilimchukia, na hadi leo namchukia.

Niliogopa kweli. Kidole cha mama kingekataa kulingana na ile alama, kisha wangeuliza ni cha nani, na viboko vingeanza. Hata mimi sijui kama ningestahimili.

"Chungu hiki chako?" akida alimuuliza mama.

"Nimekifinyanga mimi."

"Na kidole?"

"Changu. Kwani kitakuwa cha nani?"

Mzungu akamshika mkono, akaugeuza. Kidole gumba kilikuwa kimeungua, ngozi yote imebabuka. Ndipo nikaelewa alichokifanya pale motoni.

Wakajaribu wino. Karatasini likatoka doa tu. Mzungu akafoka, akida akatufasiria: "Aliyejiunguza ana la kuficha. Ni huyuhuyu."

Basi, kwao kesi ikaishia hapo. Mwanamume hakuitwa hata mmoja. Hakuna aliyemtaja mwenye chungu, hata wale waliokuwa hawasemezani na mama.

Walipomfunga kamba, Sadala alitaka kuinuka. Nikamvuta chini, nikakifungia kidole gumba chake ndani ya ngumi yangu, nikabana.

Mama alipita mbele yetu. Hakumtazama mwanawe hata kidogo, alinitazama mimi.

"Biasha, vile vyungu vimeshaiva. Kavitoe."

Sikwenda. Nilikibana kile kidole mpaka walipomaliza kazi yao. Kilikuwa kizima, hakina hata mkwaruzo.