Dakika Sita za Fundi Springi

Haya nilisimuliwa na mke wa Fundi Springi mwenyewe, Jumamosi iliyopita, tumekaa kwenye ngazi za nyuma tunachambua maharage. Alicheka mpaka maharage yakamwagika, nami nikamwambia polepole, mwenzangu, simulia kwanza ndipo ucheke.

Fundi Springi anatengeneza saa. Jina hilo alipewa ujanani na bwana aliyemfundisha kazi, kwa kuwa alikuwa hatulii kitini. Mwenzake waliyejifunza naye akaitwa Robo, kwa ufupi wake. Wawili hao walikaa benchi moja miaka saba, chini ya saa kubwa ya ukutani, ya mbao nyeusi, yenye mlio mzito wa kutuliza roho. Hiyo ndiyo saa ya bwana. Bwana alipofariki, watoto wake wakaiuza kwa hoteli moja. Siku watu wa hoteli walipokuja kuichukua, pendulamu, ile sahani ya shaba inayoyumba ndani ya saa, haikuonekana. Springi akasimama mbele za watu, akamwambia Robo, "Mwizi ni wewe." Robo akabeba mkoba wake akaondoka. Miaka kumi na minane hawajasalimiana, na maduka yao yameachana mitaa miwili tu.

Sasa mwaka huu hoteli imefungwa, na vitu vyake vikatiwa mnadani. Si mnada wa kengele na kelele, ni huu wa siku hizi wa kwenye simu. Binti yake Springi akamwonyesha picha: vitanda, masufuria, mapazia, na saa. Springi aliishika ile simu kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa yai.

"Ya bwana hiyo," akasema. "Naitaka."

Hapo mkewe akatokea na mwiko mkononi. Kioo cha mbele cha duka kilipasuka tangu mwaka jana, kimezibwa kwa boksi, wateja wanapita wakidhani pamefungwa. Kulikuwa na laki mbili na nusu za kioo kipya, zimekusanywa kwa taabu.

"Baba Watoto, una laki moja yako. Nunua saa yako. Za kioo usiziguse. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mke wangu."

Binti akamfundisha mbinu. "Usitaje bei mapema, baba. Ukitaja mapema unawaamsha wenzako. Mnada unafungwa Jumapili, saa kumi kamili jioni. Subiri zibaki sekunde kumi, ndipo uiweke laki yako yote kwa mpigo. Hakuna atakayewahi kukujibu."

Jumapili Springi akakaa sebuleni peke yake, miwani puani, simu magotini. Bei ilikuwa imesimama kwenye elfu sitini. Pembeni mwa simu kulikuwa na vitarakimu vidogo vikihesabu muda uliobaki, lakini hakuvitazama. Tangu lini fundi saa akaulizia saa kwenye simu? "Simu haina saa," husema siku zote, "ina picha ya saa." Yeye alitazama saa ya ukutani pale sebuleni, aliyoifungua na kuisafisha kwa mikono yake. Mshale ukapanda, ukapanda, na ulipobakiza sekunde kumi kugonga saa kumi, akaandika laki moja, akabonyeza.

"Kwisha kazi!" akasema, akanyoosha miguu.

Simu ikalia. Kuna mtu ameweka laki na kumi.

"Huyu anapita wapi? Mlango umeshafungwa!" Akaisogeza simu karibu na pua. Vile vitarakimu vilisema zimebaki dakika tano na nusu. "Simu mbovu hii," akasema, akaongeza elfu ishirini. Mtu yule akaongeza. Springi akaongeza. Laki moja na nusu. Laki mbili. Alijua kabisa amekwisha ingia kwenye kioo cha duka, alikiona kioo chenyewe kikiondoka kipande kwa kipande, lakini kidole kilikataa kushauriwa. Laki mbili na themanini. Laki tatu na arobaini, akasema yule mtu. Laki tatu na nusu, akasema Springi, na baada ya hapo simu ikanyamaza, ikaandika: Hongera, umeshinda.

Alikwenda jikoni kutoa taarifa ya ushindi kama mtu anayekwenda kung'olewa jino. Mkewe hakusema neno. Na mwanamke yule akinyamaza, nyumba nzima husikia.

Saa ililetwa Jumatano. Ndani, pendulamu hakuna. Kule hotelini ilikuwa pambo tu, haikuwahi kutembea. Springi akafunga pendulamu moja kutoka dukani, saa ikachechemea. Akafunga ya pili, ikaenda mbio kama inakimbizwa. Ya tatu ikatembea sawasawa, ila mlio wake ulikuwa mwembamba, mlio wa saa ya watu wengine.

"Kwa hiyo," akasema mkewe, yakiwa maneno yake ya kwanza tangu Jumapili, "umenilia kioo changu kwa saa usiyotaka hata kuisikia?"

Springi akavaa viatu.

Alipoingia dukani kwa Robo, alimkuta ameinama juu ya meza, kipara kinang'aa. Robo akainua kichwa, akamtazama, akakirudisha. Mwishowe Robo ndiye aliyeshindwa kuvumilia, maana alikuwa na lake rohoni na hajampata wa kumwambia.

"Saa ya bwana imeuzwa."

"Nimesikia," akasema Springi.

"Ilikuwa yangu ile! Nilitaja elfu sitini, watu wote wamelala. Mara akatokea bwege mmoja, sijui katoka wapi, akaropoka bei yake yote dakika sita kabla ya kufungwa. Dakika sita! Angengoja mwisho, mimi ningekuwa nimesinzia kwenye kiti changu. Yeye ndiye aliyeniamsha, mwendawazimu yule!"

"Mbona hukumpandishia tena?"

"Nilikuwa natafuta miwani."

"Ilikuwa wapi?"

"Kichwani."

Springi akavuta kiti, akakaa bila kukaribishwa. "Robo, bwege mwenyewe ndiye huyu hapa."

Robo akaweka bisibisi chini. Akaanza kutetemeka mabega, na Springi akadhani ni hasira, kumbe ni kicheko. Kikamshika na yeye. Wakacheka wazee wale mpaka mteja aliyekuwa anaingia akageuza njia. Halafu Robo akafungua droo ya chini kabisa, akatoa kitu kilichofungwa kwa kitambaa cha mezani.

"Niliichukua ni kweli," akasema bila kuinua macho. "Sikuweza kuiacha yote iende. Uliponiita mwizi sikuwa na la kujibu, ndiyo maana nilikasirika sana."

"Na mimi nilikasirika kwa sababu uliniwahi," akasema Springi.

Wakaongozana hadi nyumbani. Robo akapanda kwenye stuli, maana bila stuli hafiki, akaitundika pendulamu mahali pake. Saa ikavuta pumzi, ikaanza. Mlio ule ule.

"Sasa tuiweke kwenye saa ya kweli," akasema Robo, akitazama saa ya mkononi. "Saa saba na dakika ishirini."

"Saa saba na ishirini na sita," akasema Springi, akionyesha saa yake ya ukutani.

"Yangu haikosei."

"Na ile nimeisafisha mwenyewe!"

"Ni mimi," sauti ikatoka jikoni. Mkewe akaja akijifuta mikono. "Mimi ndiye ninayeitia ufunguo kila Jumatatu. Naiweka dakika sita mbele, miaka kumi na moja sasa. Bila hivyo ungekula chakula cha moto lini wewe?"

Springi akageuka kuitazama saa yake ukutani.

"Shemeji," akasema Robo, "dakika hizo zimenigharimu saa."

"Zimenigharimu kioo," akasema mama mwenye nyumba. "Kaeni chini. Mnada ufanyike upya, safari hii mbele yangu."

Wakaketi. Yeye akasimama katikati na mwiko wake.

"Nilikuwa tayari kutoa laki tatu na arobaini," akasema Robo. "Natoa mbili na nusu, saa ikae kwangu miezi tisa kila mwaka."

"Sita!" akaruka Springi.

"Minane."

"Sita na nusu."

"Saba," akasema mama, akagonga meza kwa mwiko. "Saba kwa shemeji, mitano kwetu, na tunaanza sisi. Laki mbili na nusu nipe mimi, usimpe huyu. Fundi wa vioo anakuja kesho."

Wakala, chakula kikiwa cha moto. Kabla ya kukaa mezani Springi alikwisha irudisha ile saa ya sebuleni dakika sita nyuma, kwa heshima ya kazi yake. Baada ya kula, mlio wa saa ya bwana ukawafanyia kama zamani benchini: Robo alilala wa kwanza, miguu haifiki sakafuni, kisha Springi, mdomo wazi, ametulia kitini kama hajawahi kuitwa jina lile.

Mama akawatazama. Akapanda kwenye stuli taratibu, akausogeza mshale wa ile saa ya sebuleni dakika sita mbele, akashuka. Halafu akajilaza kwenye mkeka chini ya dirisha, akahesabu milio minne, mitano, wa sita hakuusikia.